Karl Halikuwa Jina la Mabwana

Liko neno moja ambalo tumelisikia likitamkwa madarasani, katika baraza za wazee na hata maofisini, nalo limetuudhi kiasi cha kutufanya tushike kalamu. Neno lenyewe ni hili: kwamba majina ya Kizungu waliyopewa babu zetu wakati wa ubatizo ni "majina ya dini", na kwamba jina la ukoo alilozaliwa nalo mtu ni "jina la nyumbani" tu, la kuitiwa shambani na jikoni. Upande wa pili wapo ndugu zetu wenye hasira njema, ambao hudai kwamba kila jina la namna hiyo ni mnyororo wa mkoloni, na mwenye kulichukua ni mtumwa asiyejitambua. Makundi haya mawili hubishana kutwa kucha, nasi twaona kwamba yote mawili yamesimama juu ya msingi mmoja wa kutojua. Hakuna aliyeuliza jina lenyewe lina maana gani, limetoka kwa nani, na limepita mikononi mwa watu gani kabla ya kutufikia sisi.

Tutachukua jina moja tu la Kijerumani, nalo ni Karl. Wajerumani wenyewe huliandika kwa K au kwa C, bila ya tofauti ya maana. Tumelichagua kwa sababu limo miongoni mwetu katika sura nyingi, Karoli, Charles, Karolina. Tena kwa sababu Carl Peters, mtu aliyezunguka nchi ya Usagara na karatasi zake mwaka 1884, alikuwa na jina hilo. Likiwapo jina la Kijerumani ambalo Mtanzania ana haki ya kulichukia, basi ni hili. Na kwa hiyo ndilo lifaalo kupimwa.

Karl ni neno la kale mno la makabila ya Kijerumani. Katika Kijerumani cha kale karal alikuwa mwanamume, au mume wa mtu. Waanglo-Saksoni, jamaa zao waliovuka bahari wakahamia Uingereza, walikuwa na neno hilo hilo kwa umbo la ceorl, nalo lilimtaja mtu huru wa kawaida: si mtumwa, wala si wa ukoo wa kitukufu, mkulima mwenye uhuru wake. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Tunalo neno mwungwana, ambalo katika miji ya pwani lilikuwa na maana ya mtu asiye mtumwa. Karl, basi, kwa asili yake, ni Mwungwana. Halikuwa jina la bwana mkubwa, wala la kasisi, wala la mtume. Tafuteni katika Biblia, Agano la Kale na Agano Jipya, hamtalikuta.

Yafaa tutue kidogo hapa, maana safari za maneno haya hufundisha. Neno letu mwungwana lilipanda ngazi, likaacha kumtaja asiye mtumwa, likaja kumtaja mwenye adabu na moyo mwema, hata wazee wakasema uungwana ni vitendo. Lile la Waingereza lilishuka ngazi: ceorl likawa churl, na leo ni tusi la kumwitia mtu fidhuli asiye na haya. Kwa Wajerumani, ndugu wa neno hilo, Kerl, amebaki katikati ya njia, akiwa na maana ya "jamaa" au "yule bwana" katika mazungumzo ya kawaida. Lakini katika nchi za jirani zao wa mashariki yalitokea makubwa zaidi. Wapolandi humwita mfalme król, Wacheki král, Warusi korol, na Wahungaria király. Yote hayo ni jina Karl! Jina la mtu wa kawaida, kwa sababu ya mtu mmoja aliyeitwa hivyo, likawa neno lenyewe la ufalme, kama jina la Kaisari wa Roma lilivyowazalia Wajerumani neno Kaiser.

Mtu huyo mmoja ni Karl mfalme wa Wafranki, ambaye Wafaransa humwita Charlemagne na Wajerumani Karl der Große, yaani Karl Mkuu. Babu yake naye aliitwa Karl, yule Karl Martell aliyefariki mwaka 741. Siku ya Krismasi ya mwaka 800 Karl Mkuu alivikwa taji la ukaisari na Papa mjini Roma, na mwaka 814 alifariki katika mji wake wa Aachen. Waandishi wa Ulaya wamemsifu hadi wino umekwisha. Nasi tuna sababu zetu mbili za kumtaja, moja ya kumheshimu na nyingine ya kumshitaki.

Ya kumheshimu ni hii. Einhard, aliyekuwa mtu wa baraza lake na aliyeandika habari za maisha yake, anasimulia kwamba mfalme huyu aliamuru nyimbo za kale za kabila lake, zilizosifu vita na matendo ya wafalme wa zamani, ziandikwe zisipotee. Alianza pia kutungisha sarufi ya lugha ya mama yake. Wakati huo lugha ya kuandikia ilikuwa Kilatini, na msomi aliyeandika kwa lugha ya wakulima angechekwa. Wafranki walikuwa wakitaja miezi nusu kwa Kilatini na nusu kwa lugha yao. Mfalme akaipa yote kumi na miwili majina ya lugha yake: Januari akauita mwezi wa baridi kali, Julai mwezi wa kukata majani, Agosti mwezi wa mavuno, Desemba mwezi mtakatifu. Nyimbo zile alizoziandikisha hazikutufikia. Lakini msomaji atafakari. Huyo ndiye Karl wa Karl wote, naye hakuona haya ya lugha ya nyumbani kwake. Na sisi ambao tuna mfunguo mosi na mfunguo pili twaona aibu kuitaja miezi hiyo mbele ya wageni, tukidhani kuwa anayeitwa Karl ameitwa kwenye ustaarabu na anayeitwa kwa jina la ukoo ameachwa nje mlangoni.

Einhard huyo huyo anasema kwamba mfalme alijaribu kujifunza kuandika uzeeni, akaweka vibao chini ya mito ya kitanda chake ili apatapo nafasi auzoeze mkono wake herufi, ila kazi ilikuwa imechelewa na hakufika mbali. Kwa lugha yetu, kaisari alikuwa ngumbaru. Walimu waliofundisha madarasa ya watu wazima katika miaka ya 1970 watamwelewa vizuri kuliko maprofesa wengi.

Ya kumshitaki ni nzito zaidi. Karl Mkuu alipigana na Wasaksoni wa kaskazini kwa miaka zaidi ya thelathini, na sharti lake moja lilikuwa wabatizwe. Mwaka 782, penye mahali paitwapo Verden, watu 4,500 walikatwa vichwa kwa siku moja. Hesabu hiyo si ya adui zake, ni ya kumbukumbu za ufalme wake mwenyewe. Sheria aliyowawekea Wasaksoni ilitoa hukumu ya kifo kwa anayejificha asibatizwe, na kwa anayeichoma maiti kwa desturi ya wazee wake. Ndugu zetu wanaosema kwamba Karl ni jina la dini wanasahau mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, jina hilo lilikuwa la Wafranki hata kabla ya kuwa na uhusiano wowote na msalaba. Wakristo wa Kijerumani waliingia kanisani na majina ya mababu zao, wala hawakuyaacha nje: Karl, Ludwig, Otto, Heinrich, yote ni majina ya kabila. Pili, aliyelipa jina hilo utukufu ndiye aliyewabatiza watu kwa upanga. Ikiwa jina la kabila la Wafranki liliweza kupita penye maji ya ubatizo bila ya kuharibika, ni hoja gani iliyozuia majina ya Wachaga, ya Wahehe, ya Wangoni na ya Wanyamwezi yasipite?

Twajua jibu litolewalo. Huambiwa kwamba Karl limetakaswa kwa sababu yuko mtakatifu mwenye jina hilo, Karoli Borromeo, askofu mkuu wa Milano, aliyefariki mwaka 1584 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1610. Jibu hilo ni la kweli, nalo ndilo litakalowaponza wanaolitoa, tutalirudia mbele.

Sasa tumfikie Carl Peters. Alizaliwa mwaka 1856 huko Neuhaus kando ya mto Elbe, katika ufalme wa Hannover, ambao sehemu yake kubwa ndiyo nchi ya wale Wasaksoni wa kale. Tazameni jinsi jina linavyotembea: katika nchi ya waliokatwa vichwa mtoto anapewa jina la aliyewakata, na wazazi wake wanaona fahari. Hatusemi hivyo kwa kuwacheka. Miaka elfu moja ilikwisha kupita, na kwao jina lilikuwa lao. Twasema ili ndugu zetu wa kundi la pili, wenye kuona mnyororo katika kila jina, wajue kwamba jambo hili halikuanza na sisi.

Mwezi Novemba 1884 Peters alivuka kutoka Unguja hadi Saadani pamoja na wenzake. Miongoni mwao alikuwamo Karl Jühlke, hata yaweza kusemwa kwamba nchi yetu iliingiliwa na Karl wawili kwa mpigo. Kwa muda wa majuma machache walipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami wakikusanya alama za misalaba za watawala wa huko juu ya karatasi zilizoandikwa kwa Kijerumani. Serikali ya nchi yake ilikuwa haijampa mamlaka yoyote ya kazi hiyo. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya mkutano wa Berlin kufungwa, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitia sahihi hati ya ulinzi, na karatasi za mtu binafsi zikageuka kuwa dola.

Hapa tuna ugomvi na baadhi ya walimu wenzetu. Mtoto wa shule ya Tanzania akiulizwa habari za mwaka 1884 atamtaja Mangungo wa Msovero, tena atamtaja huku akicheka, kwa kuwa amefundishwa kwamba Mangungo ni yule mzee mjinga aliyeiuza nchi kwa vitu vya kuchezea. Kisha atalitaja jina la Carl Peters kwa unyenyekevu wa mtihani, kama mtu atajaye jina la mlima. Hivi ndivyo tunavyowafundisha watoto uungwana? Mzee aliyewekewa mbele karatasi ya lugha asiyoijua, na mgeni aliyemwambia kuwa ni ya urafiki, yeye ndiye mjinga. Na aliyedanganya ni "mwanzilishi wa koloni". Kasumba haiji kwa meli peke yake. Nyingine tunaipika wenyewe penye ubao, kwa chaki yetu.

Mwaka 1891 Peters aliwekwa kuwa mwakilishi wa Kaisari Kilimanjaro. Huko alimnyonga mtumishi wake aliyeitwa Mabruk, na mwanzoni mwa mwaka 1892 akamnyonga msichana ambaye Wajerumani wameliandika jina lake Jagodja, aliyekuwa amewekwa kituoni kama kimada wake na aliyekuwa amejaribu kutoroka. Wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Habari hizo zilifichuliwa katika bunge la Ujerumani mwaka 1896 na August Bebel, kiongozi wa wasoshalisti, na mwaka 1897 Peters akafukuzwa kazi. Ingekuwa imekwisha hapo, tungesema kwamba haki ilikuwa na mguu, japo wa kuchechemea. Lakini mwaka 1905 Kaisari Wilhelm wa Pili alimrudishia cheo chake cha heshima. Mwaka 1905! Mwaka ule ule ambao watu wa Matumbi waliing'oa pamba, na vita vya Majimaji vikaanza.

Peters alifariki mwaka 1918, ila jina lake lilifufuliwa na Manazi. Na sasa tunaomba msomaji azishike tarehe mbili. Mwaka 1935 Manazi walisimamisha mawe 4,500 huko Verden, jiwe moja kwa kila Msaksoni aliyeuawa na Karl Mkuu, wakiomboleza ndugu zao wa miaka elfu moja na mia moja na hamsini iliyopita. Mwaka 1937, miaka miwili tu baadaye, Hitler alitoa amri ya kumsafisha Carl Peters na hukumu yake. Na mwaka 1941 wakamtengenezea filamu ya kumtukuza. Waliweza kuhesabu vichwa vya Wasaksoni hadi cha mwisho, lakini mti wa Kilimanjaro hawakuuona. Mtu akituuliza ubaguzi wa rangi ni kitu gani, hatuna haja ya falsafa ndefu: tutampa mwaka 1935 na mwaka 1937, aviweke pamoja mezani.

Je, baada ya haya yote hatuna haki ya kulitupa jina hilo baharini? Kundi la pili litapiga makofi. Lakini twauliza: tumtupe na nani mwingine pamoja naye? Mwanzoni mwa miaka ya 1880 waliishi katika mji mmoja, London, Wajerumani wawili wenye jina hili. Mmoja ni huyu Peters, aliyekuwa kwa mjomba wake akijifunza jinsi Waingereza wanavyopata makoloni. Wa pili alikuwa mzee mgonjwa, Karl Marx, aliyezaliwa mjini Trier mwaka 1818, akafariki London Machi 1883. Mmoja alikuwa akitafuta jinsi ya kuwa bwana wa watu; mwenzake alikuwa amemaliza maisha yake akiuliza kwa nini wawepo mabwana. Ukubali au usikubali mafundisho ya Marx, huwezi kusema kwamba jina moja liliwafanya watu hao kuwa kitu kimoja.

Tena Marx huyo aliandikwa kuwa mmoja wa wasimamizi wa ubatizo wa mtoto aliyezaliwa Leipzig mwaka 1871, Karl Liebknecht. Tarehe 2 Desemba 1914, wabunge wote wa Ujerumani walipokubali fedha zaidi za vita, Liebknecht peke yake alikataa. Vita alivyovikataa ndivyo vilivyofika kwetu, vikawachukua vijana wetu kwa makumi ya maelfu kubeba mizigo ya majeshi ya pande zote mbili, na wengi hawakurudi. Aliuawa Berlin tarehe 15 Januari 1919. Hatujui kama amewahi kutajwa katika somo lolote la shule zetu, na Peters hutajwa kila mwaka.

Wako wengine, tutawapitia kwa haraka. Carl Friedrich Gauss, aliyezaliwa Braunschweig mwaka 1777 katika nyumba ya kimaskini, akawa mkuu wa wanahisabati wa zama zake. Karl Landsteiner wa Vienna, ambaye mwaka 1901 alieleza makundi ya damu ya binadamu, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Kila mama anayeongezewa damu katika hospitali ya wilaya yu hai kwa elimu iliyoanzia kwake. Karl mmoja tulimwita Mkono wa Damu kwa kuimwaga. Mwingine aliwaonyesha watu jinsi ya kugawiana bila ya kuuana.

Yupo Karl mwingine ambaye kwake hatuna budi kusimama zaidi, maana anaihusu lugha yetu. Carl Velten alikuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni Dar es Salaam, kisha akawa mwalimu wa Kiswahili Berlin. Mwaka 1903 ilitoka huko Göttingen Desturi za Wasuaheli, kitabu ambacho hakuna mtafiti wa utamaduni wa pwani awezaye kukikwepa. Jina lililowekwa mbele ya kitabu lilikuwa la Velten. Kalamu iliyoandika sehemu kubwa ya yaliyomo ilikuwa ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili Berlin kuanzia mwaka 1900, akavumilia dharau za wanafunzi wake hadi alipoacha kazi mwaka 1905, na akafia Berlin mwaka 1927. Kitabu kilipotolewa kwa Kiingereza mwaka 1981 ndipo jina la Mtoro lilipowekwa mahali pake. Hatumnyimi Velten sifa ya kukusanya na kuhifadhi. Kazi ile bila yeye pengine isingechapwa. Ila kwa miaka mingi wasomi, na wa kwetu wamo, walikuwa wakisema "kama asemavyo Velten", na huku asemaye ni mwungwana wa Bagamoyo. Wizi wa jina haufanywi kwa bunduki siku zote.

Na sasa twarudi kwenye jibu lile la mtakatifu. Karoli wengi wa Afrika Mashariki hawakupewa jina hilo kwa heshima ya Peters, wala ya Kaisari, wala hata ya yule askofu wa Milano. Walipewa kwa heshima ya Karoli Lwanga, kijana wa Buddu, msimamizi wa vijana wa jumba la Kabaka Mwanga. Lwanga alibatizwa mwezi Novemba 1885, akachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Alikuwa na jina la Karoli kwa miezi isiyofika saba. Jina la Lwanga alikuwa nalo maisha yake yote, na ndilo alilokwenda nalo motoni. Alipotangazwa mtakatifu mjini Roma tarehe 18 Oktoba 1964, pamoja na wenzake, yalisomwa majina yote mawili, na la Kiganda halikuachwa mlangoni.

Basi tuifuate hoja hadi mwisho wake. Mnasema jina huwa la dini kwa sababu mtakatifu amelichukua. Sawa. Basi tangu mwaka 1964 Lwanga ni jina la dini kama Karl lilivyo. Na kama mwahitaji ushahidi, mtazameni Kizito, mtoto mdogo kuliko wote katika wale waliochomwa. Kizito ni jina la Kiganda tupu, na leo watoto wa Tanzania, Kenya na Uganda hubatizwa kwa jina hilo bila ya padri yeyote kukunja uso. Mlango ulikwisha kufunguliwa na mtoto yule. Anayeendelea kumwambia mzazi kwamba jina la ukoo halifai kwa ubatizo anatetea tabia ya kuona haya, wala hatetei dini.

Tumefanya kazi ya serikali miaka mingi, na tumejaza na kuwajazisha watu fomu nyingi. Tulikuta zamani fomu zenye nafasi iliyoandikwa "Jina la Kikristo", ikajazwa na watu waitwao Juma na Mwanaidi, na karani akaona sawa. Wajinga katika jambo lile hawakuwa akina Juma.

Wajerumani wenyewe, kwa upande wao, wamekuwa wakihangaika na jina la Peters, na mahangaiko yao yanastahili kutazamwa. Mjini Berlin, katika mtaa wa Wedding, ilikuwako barabara iliyopewa jina lake mwaka 1939. Watu walipopinga, mwaka 1986 wakuu wa mji waliliacha bango lile lile mahali pake, wakatangaza kwamba kuanzia siku hiyo Peters atajwaye ni Hans Peters, mwanasiasa mwingine kabisa. Ujanja wa namna hiyo twaujua hata sisi. Lakini watu hawakunyamaza, na tarehe 23 Agosti 2024 barabara ile iligawanywa na kupewa majina mawili mapya: sehemu moja iliitwa kwa jina la Anna Mungunda, mwanamke wa Kiherero aliyeuawa Windhoek mwaka 1959, na sehemu ya pili ikaitwa Maji-Maji-Allee, yaani Barabara ya Majimaji. Bango la Kiswahili katikati ya mji ule ambako hati ya mwaka 1885 ilitiwa sahihi! Tumeifurahia habari hiyo, ila furaha yetu imechanganyika na fadhaa, kwani haifai mtoto wa Berlin ajue maana ya bango hilo, na mtoto wa Kilosa asijue Peters alitenda nini zaidi ya "kutia mikataba".

Mwenye kuitwa Karoli asilitupe jina lake. Ni jina la mtu huru, nalo halikuwa mali ya Peters hata siku moja. Mwenye kuitwa kwa jina la bibi yake asikubali kuambiwa kwamba lake ni pungufu. Ombi letu ni kwa walimu wa historia na kwa wenye kuandika vitabu vya shule. Penye habari za mwaka 1884, Mangungo apewe heshima ya mtu aliyedanganywa, na kejeli ifutwe. Penye habari za Kilimanjaro, majina ya Mabruk na Jagodja yaandikwe katika ukurasa ule ule alioandikwa Carl Peters, tena kwa herufi za ukubwa ule ule.